Lugha, Elimu na Imani katika Uundaji wa Jamii: Mtazamo kutoka Shieywe, Kakamega

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna lugha, elimu na imani ya dini zilivyoshirikiana kuiunda jamii ya mji wa Kakamega, tukichukua eneo la Shieywe kuwa kielelezo. Hoja inayotetewa ni kwamba nguvu hizi tatu hazikufanya kazi kila moja peke yake. Dini ndiyo iliyoamua ni lahaja ipi iandikwe, shule ikaieneza lahaja hiyo, nayo lahaja iliyoandikwa ikaamua nani ahesabiwe kuwa mmoja wetu. Aidha, makala yanajadili sababu zilizofanya jaribio la kusanifisha Oluluyia lishindwe kuziunganisha lahaja zote ilhali Kiswahili, ambacho awali kilitiliwa shaka na baadhi ya wamishonari, kiliweza kuwa lugha ya wote mjini. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa isimujamii wanapotafuta mfano wa taifa ambamo lugha, elimu na dini zimefungamana, mara nyingi huitaja India. Katiba ya nchi hiyo inaorodhesha lugha 22 katika jedwali lake la nane, na mwaka 1956 mipaka ya majimbo yake ilichorwa upya kwa kufuata lugha. Kihindi na Kiurdu ni mfano unaofundisha zaidi. Katika mazungumzo ya kila siku wasemaji wa lugha hizi mbili huelewana bila shida kubwa. Hata hivyo, Kihindi huandikwa kwa hati ya Kidevanagari na kuchota msamiati wake wa kitaalamu kutoka Kisanskriti, ilhali Kiurdu huandikwa kwa hati yenye asili ya Kiarabu na kuchota kutoka Kiajemi na Kiarabu. Hati na msamiati vilipoambatanishwa na imani, na shule zikafuata mkondo huo, usemi mmoja ukawa alama ya jamii mbili.

Mfano huu usichukuliwe kuwa wa mbali. Msomi wa Kiswahili anayetaka kuona utaratibu kama huo anaweza kuuona magharibi mwa Kenya. Shieywe ni sehemu ya mji wa Kakamega, katika eneobunge la Lurambi. Mji huu umezungukwa na lahaja za Kiluhya zinazokaribiana: Lwisukha upande wa Shinyalu, Lwidakho upande wa Ikolomani, Lutsotso katika Lurambi yenyewe, na Lukabarasi upande wa Malava. Wakazi wa mji hutoka pia katika maeneo ya Lulogooli, Lunyore, Luwanga, Lubukusu na kwingineko, pamoja na wasemaji wa Kijaluo, Kinandi, Gikuyu na lugha nyinginezo. Swali linaloongoza makala haya ni hili: ikiwa lahaja hizi zinakaribiana kiasi hicho, kwa nini hazikupata lugha moja ya maandishi inayokubalika na wote, na ni nini kilichojaza pengo hilo?

2.0 Dini na Kuzaliwa kwa Lugha za Maandishi

Kabla ya ujio wa wamishonari Wakristo, maandishi yalikuwa yamekwisha kufika Mumias, makao ya ufalme wa Wanga. Wafanyabiashara Waswahili wa msafara walipita na wengine kulowea hapo katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakaja na Kiswahili pamoja na Uislamu. Mumias ilikuwa makao ya utawala wa kikoloni hadi mwaka 1920, makao hayo yalipohamishiwa Kakamega. Kwa hiyo, machoni pa watu wengi wa eneo hili, Kiswahili kilitangulia kujulikana kwa sura mbili: lugha ya msafara na msikiti, na lugha ya askari na boma.

Mambo yalibadilika wamishonari walipoingia. Mwaka 1902 Wakweka kutoka Marekani walianzisha kituo chao Kaimosi. Kanisa la Kianglikana kupitia CMS lilifungua kituo Maseno mwaka 1906 na baadaye Butere mwaka 1912. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walijenga Mumias na Mukumu, nao wamishonari wa Kima katika Bunyore waliweka msingi wa Kanisa la Mungu. Wapentekoste walijikita Nyang'ori. Mashirika ya Kiprotestanti yalipatana kugawana maeneo ya kazi ili yasigombanie waumini, huku Wakatoliki wakibaki nje ya mapatano hayo.

Mgawanyo huo ulikuwa wa kiutawala tu katika nia yake, lakini matokeo yake yalikuwa ya kiisimu. Kila shirika lilihitaji Maandiko katika usemi wa watu lililowahubiria. Wakweka, wakiongozwa na Emory Rees na kusaidiwa na wenyeji kama Joel Litu, waliitafsiri Biblia katika Lulogooli. Agano Jipya lilitoka mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1951. Wamishonari wa Kima waliushughulikia Lunyore, nao CMS wakaegemea Luhanga, yaani usemi wa Wanga na majirani zao.

Athari za uamuzi huo zinaonekana hata katika herufi. Neno lenye maana ya "watu" huandikwa *avandu* katika Lulogooli na *abandu* katika lahaja za kati. Tofauti ya matamshi ipo, lakini herufi *v* na *b* zimeifanya ionekane kubwa kuliko inavyosikika. Kwa sababu hiyo hiyo, jina la jamii nzima limeandikwa Abaluyia, Avaluyia na Luhya, na mjadala kuhusu tahajia yake haujaisha. Hata jina la Mungu si moja: lahaja nyingi hutumia *Nyasaye*, ilhali Wabukusu humwita *Wele*. Msomaji wa Lubukusu aliyepewa kitabu cha sala chenye *Nyasaye* alijua papo hapo kwamba kitabu hicho kilitungwa kwa ajili ya wengine.

Hapa ndipo mfano wa Kihindi na Kiurdu unapokuwa na manufaa. Kakamega haikutofautiana kwa hati, kwani wote waliandika kwa alfabeti ya Kirumi. Hata hivyo, tahajia ilifanya kazi ile ile ambayo hati ilifanya India: iliitwaa tofauti ndogo ya usemi na kuifanya mpaka wa kudumu, kwa kuwa nyuma ya kila tahajia palikuwa na kanisa lenye kiwanda chake cha kuchapa, walimu wake na waumini wake.

3.0 Shule na Uimarishaji wa Mipaka

Katika miongo ya kwanza ya ukoloni, shule na kanisa vilikuwa taasisi moja. Lugha zenyewe zinalithibitisha hili. Katika Luganda Wakristo wa mwanzo waliitwa *abasomi*, na katika Gikuyu *athomi*, maneno yote mawili yakiwa na maana ya "wasomao". Kusoma na kubatizwa vilikwenda pamoja, na kitabu cha kwanza cha mtoto kilikuwa ama katekisimu ama Injili.

Kwa hiyo, mtoto wa Maragoli aliyesoma katika shule ya Wakweka alijifunza kusoma kwa Lulogooli, akawa Mkweka, na kama alifaulu akaenda Kaimosi. Mtoto wa Butere alisoma vitabu vya CMS, akawa Mwanglikana, na njia yake ikaelekea Maseno. Walipokutana ukubwani, walitofautiana kwa lahaja, kwa dhehebu na kwa mtandao wa watu waliosoma pamoja nao. Tofauti hizo tatu zilikuwa zimeshikamana kiasi kwamba ilikuwa vigumu kutaja moja bila kuzigusa nyingine.

Wenyeji hawakuupokea mpango huu kimyakimya. Yalikuwapo madai ya shule isiyofungamana na dhehebu lolote, na mwaka 1932 serikali ilifungua Kakamega shule ya Waafrika ambayo leo inajulikana kama Kakamega School. Umuhimu wa shule hiyo kwa mjadala huu ni kwamba iliwakusanya chini ya paa moja vijana wa madhehebu na lahaja mbalimbali.

4.0 Jaribio la Oluluyia

Katika miaka ya 1930 wasomi na viongozi wa vyama vya kisiasa walianza kulieneza jina la Abaluyia ili kuyaunganisha makundi yaliyokuwa yakiitwa na wakoloni "Wabantu wa Kavirondo". Msukumo wake ulikuwa wa dharura. Dhahabu iligunduliwa Kakamega mwaka 1931, na mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilirekebisha sheria ya ardhi za wenyeji ili ardhi yenye madini iweze kutwaliwa bila mwenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Watu waliotishiwa na jambo moja walihitaji sauti moja.

Sauti moja ilihitaji maandishi mamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 iliundwa kamati ya lugha iliyonuia kusanifisha Oluluyia, na Bi. L. L. Appleby wa CMS akawa miongoni mwa watafiti wake wakuu. Yalitolewa msamiati na kitabu cha sarufi, na kazi hiyo ikafikia kilele Biblia ya Oluluyia ilipochapishwa mwaka 1975. Hata hivyo, Oluluyia hiyo ilijengwa zaidi juu ya lahaja za kati. Walogooli walikuwa na Biblia yao, nao hawakuona sababu ya kuiacha. Wabukusu nao waliona kwamba usemi wao haukupewa nafasi ya kutosha.

Ni rahisi kudai kwamba jaribio hilo lilishindwa kwa sababu ya ukabila mdogo mdogo. Maelezo hayo hayatoshelezi. Muumini aliyekwisha kuomba, kuimba na kuzika wazazi wake kwa maneno ya kitabu fulani hawezi kuombwa akiache kwa hoja ya urahisi wa uchapishaji. Kwake maneno hayo ni sehemu ya imani. Kamati iliyashughulikia masuala ya fonolojia na msamiati kwa bidii, lakini lahaja ilikuwa tayari imepewa utakatifu na kanisa, na sarufi peke yake haina uwezo wa kuuondoa.

5.0 Kiswahili: Lugha Isiyo na Dhehebu

Inafaa kukumbuka kwamba Kiswahili chenyewe kilipitia hali inayofanana na hii. Biblia ya Kiunguja ilikamilika mwaka 1891, na Biblia ya Kimvita ikafuata mwaka 1914, kila moja ikiwa na kanisa lake nyuma yake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, na mwaka 1952 ikatoka Biblia ya pamoja, maarufu kwa jina la *Union Version*. Wapenzi wa Kimvita walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na msingi. Lakini Kiswahili kilikuwa na mambo mawili ambayo Oluluyia haikuwa nayo: serikali za nchi kadhaa zilizokihitaji katika shule na ofisi, na umati wa watumiaji ambao hakikuwa lugha yao ya kwanza, hivyo hawakuwa na lahaja ya kuitetea.

Magharibi mwa Kenya, njia ya Kiswahili haikuwa nyoofu. Hadi mwaka 1902 eneo hili lilikuwa sehemu ya Uganda kiutawala, na kanisa la Kianglikana la Nyanza liliendelea kuwa chini ya dayosisi ya Uganda hadi mwaka 1921. Askofu Alfred Tucker wa Uganda hakupendelea Kiswahili kwa kuwa alikiona kimekaribiana mno na Uislamu. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 nayo ilipendelea lugha za wenyeji katika madarasa ya chini, na Kiingereza katika ngazi za juu. Kwa hiyo, kwa muda mrefu shule za misheni katika eneo hili hazikukipa Kiswahili hadhi kubwa.

Kilienea kwa njia nyingine. Machimbo ya dhahabu, hasa mgodi wa Rosterman uliofanya kazi hadi mwaka 1952, yaliwaleta pamoja wafanyakazi wa lahaja na makabila mbalimbali. Maduka ya Wahindi, soko, polisi, mahakama na jeshi vilihitaji lugha ambayo yeyote angeweza kuitumia bila kuulizwa ametoka kwa nani. Katika mazingira ya Shieywe, Kiswahili kilikuwa na faida ambayo hakuna lahaja ya Kiluhya iliyokuwa nayo: mtu hakuweza kukisikia na kutambua kama msemaji wake ni Mkweka, Mkatoliki au Mwanglikana. Sababu ile ile iliyowafanya wamishonari wakitilie shaka, yaani kutokuwa kwake lugha ya kanisa lolote, ndiyo iliyokifanya kifae kuwa lugha ya mji.

Tofauti na India inajitokeza wazi hapa. Kihindi kilipopendekezwa kuwa lugha rasmi ya taifa zima, wasemaji wa Kitamil walipinga vikali, na mwaka 1965 upinzani huo uligeuka ghasia, kwa kuwa Kihindi kilikuwa lugha ya kwanza ya mamilioni ya watu wa kaskazini ambao wangenufaika nacho kuliko wengine. Katika bara la Kenya, wenye Kiswahili kama lugha ya kwanza walikuwa wachache na waliishi mbali, pwani.

6.0 Sera ya Elimu tangu Uhuru

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, shule nyingi zilikuwa bado mikononi mwa makanisa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziweka chini ya usimamizi wa serikali na kuyaachia makanisa nafasi ya ufadhili. Hadi leo jina la shule katika kaunti ya Kakamega mara nyingi humwambia msikilizaji dhehebu lililoianzisha.

Kuhusu lugha, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendelea Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa matatu ya kwanza. Kufuatia ripoti ya Mackay ya mwaka 1981, mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985 na kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima la kutahiniwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, na kuitaka dola ikuze na kulinda wingi wa lugha za wananchi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeziwekea lugha za kiasili nafasi katika gredi za mwanzo.

Sera hizi zinaeleweka zinaposomwa vijijini Shinyalu au Malava. Zikiletwa Shieywe, zinazua swali gumu. "Lugha ya eneo" la mtoto wa mjini ni ipi? Darasa moja laweza kuwa na mtoto anayesema Lwisukha nyumbani, mwingine Lulogooli, mwingine Kijaluo, na mwingine ambaye wazazi wake wa lahaja mbili tofauti huzungumza naye Kiswahili tu. Mwalimu hukimbilia Kiswahili, na kwa kufanya hivyo huwa ameitii sera. Hata hivyo, baadhi ya shule za kibinafsi hukwepa swali lenyewe kwa kutumia Kiingereza tangu chekechea, na mzazi mwenye uwezo huona kwamba hiyo ndiyo elimu. Adhabu ya kumvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani imekumbukwa na vizazi kadhaa vya Wakenya. Mtoto aliyevishwa kibao hicho alijifunza somo lisilokuwa katika mtaala wowote: kwamba lugha ya mamaye ni hatia.

Inafaa kuongeza kwamba mtaala wa Kenya hufundisha elimu ya dini kwa njia tatu, yaani ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Kwa maneno mengine, dola imekubali kwamba imani za wanafunzi ni nyingi na kuziandalia vitabu. Haijafikia ukarimu wa kiasi hicho kwa lugha zao.

7.0 Imani na Lugha Mjini Leo

Dini imebadili mkondo wake wa lugha. Mwamko wa kiroho uliotokea Kaimosi mwaka 1927 ulizaa makanisa ya Roho, na mwaka 1942 Daudi Zakayo Kivuli alianzisha kanisa la African Israel Church Nineveh. Makanisa haya yaliiweka ibada mikononi mwa wenyeji, na kuimba, kutoa ushuhuda na kuomba kukafanywa kwa usemi wa waumini wenyewe bila kungoja idhini ya mtafsiri. Ngoma nayo, ambayo wamishonari wengi waliiona kuwa ya kipagani, imerudi kanisani. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani wa 1962 hadi 1965, Wakatoliki waliruhusu ala za Kiafrika katika Misa. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, iliyoingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, sasa husikika katika sherehe za kidini na za kiraia pia.

Mjini, hata hivyo, ni kawaida kwa kanisa moja kuwa na ibada ya Kiingereza na nyingine ya Kiswahili. Wanaohudhuria ibada hizo mbili huwa waumini wa imani moja, lakini mara nyingi hutofautiana kwa elimu na kipato. Mpaka wa zamani uliokuwa kati ya dhehebu na dhehebu sasa unapita ndani ya kanisa moja, ukitenganisha saa mbili za asubuhi na saa nne. Lugha za kiasili nazo hubaki kwa nyimbo, kwa matanga na kwa wazee.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba jamii ya Kakamega iliumbwa na mfungamano wa dini, shule na lugha, na kwamba lugha ya pamoja haikupatikana kwa amri ya kamati. Kiswahili kilishika nafasi hiyo kwa kuwa hakikudaiwa na dhehebu lolote. Lakini ushindi huo una hatari yake. Kiswahili kilichowaunganisha watu wa lahaja mbalimbali chaweza kugeuzwa kuwa lugha ya ibada ya maskini na ya shule za umma, huku Kiingereza kikiwa cha wenye nafasi. Chaweza pia kuwa sababu ya lahaja za nyumbani kukosa wa kuzirithi. Mpenzi wa kweli wa Kiswahili hafurahii lolote kati ya hayo mawili.

Kutokana na hoja hizi, mapendekezo yafuatayo yanatolewa.

Kwanza, wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya eneo hili, kikiwemo Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Sayansi na Teknolojia kilichopo mjini Kakamega, wafanye utafiti wa nyanjani kuhusu uchaguzi wa lugha katika makanisa, misikiti na madarasa ya mji huu. Data hiyo ipo karibu nao, na haihitaji gharama kubwa kukusanywa.

Pili, walimu wanaotarajiwa kufundisha gredi za mwanzo waandaliwe kushughulikia darasa la lahaja nyingi, ili Kiswahili kitumike kama daraja la kumfikisha mtoto kwenye elimu bila kumdharaulisha lugha yake ya nyumbani.

Tatu, tafsiri za Biblia za Lulogooli, Lunyore, Luhanga na Oluluyia, pamoja na nyimbo za makanisa ya Roho, zichunguzwe kama hazina ya kiisimu. Msamiati mwingi wa kidini na wa maadili uliomo humo waweza kukifaa Kiswahili chenyewe kinapotafuta istilahi.

Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga. Kwa mkazi wa Shieywe, mila hiyo ina lugha zaidi ya moja, na elimu inayomstahili ni ile inayomwezesha kuzimiliki zote bila kuionea haya hata mojawapo.